Kuongoza timu ya vibali vya ardhi ya umma Uganda: mwongozo kamili kutoka kwa aliyekaa kwenye kiti hicho

Wiki yangu ya kwanza kwenye kiti nililetewa jogoo. Mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, kalazwa chini ya meza ya karani kama faili jingine linalosubiri saini. Aliyemleta hakuomba kitu. Alisema tu, "Hongera afande, tumefurahi." Mimi si askari, lakini kwetu mpakani kila mwenye muhuri ni afande. Nilipofungua daftari la maombi nikaliona jina lake: alikuwa akitaka kibali cha kujenga banda la dagaa kando ya ziwa. Nikamlipa kijana wa boda boda amrudishe jogoo, nikaandika tarehe, saa, rangi ya jogoo na jina la kijana. Karani alicheka siku nzima. Miezi sita baadaye ombi lile lilikataliwa, na maneno yakaenea sokoni kwamba afisa kala kuku wa mzee kisha kamnyima kibali. Ukurasa ule wenye rangi ya jogoo ndio ulioniokoa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeteuliwa juzi kuongoza timu ya namna hii, iwe wilayani, manispaa au katika taasisi ya serikali kuu. Sheria zimechapishwa, utazisoma mwenyewe. Ninachoweka hapa ni namna ya kuendesha kazi ili kila kibali mnachotoa, na kila mnachokataa, faili liweze kukieleza hata wewe ukiwa haupo chumbani. Ukifanikiwa hapo, mengine yatafuata.

Hatua ya 1: Ijue ardhi kabla ya kumjua mwombaji

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia, nao huimiliki kwa njia nne: kimila, frihodi (umiliki kamili usio na kikomo), mailo (umiliki wa kudumu, hasa Buganda) na lisi (kukodi kwa muda). Lakini maziwa, mito, ardhioevu, misitu ya akiba, mapori ya akiba na hifadhi za taifa ni habari nyingine. Hizo serikali, kuu au ya wilaya, inazishika kwa amana kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikakaza kamba: mali hizo haziruhusiwi kutolewa kwa lisi wala kuhamishiwa mtu. Kinachoruhusiwa ni leseni, kibali au ruhusa ya matumizi.

Tofauti hiyo ifundishe timu yako mpaka waiote usingizini. Kibali hakimpi mtu ardhi. Kinamruhusu kufanya jambo fulani, mahali fulani, kwa muda fulani. Mimi huwaambia wageni kazini kwamba mwenye kibali si mpangaji wa chumba. Ni mtu aliyetandikiwa mkeka sebuleni. Watu huanza kuweka uzio, kisha nyumba ya matofali, kisha wanaomba hati. Kila hatua katika hizo ilianza na afisa aliyeandika neno "kukabidhiwa" pale alipopaswa kuandika "kuruhusiwa kutumia".

Kisha chukua karatasi kubwa, chora ramani ya eneo lenu, na andika juu ya kila kipande nani mwenye mamlaka. Msitu wa akiba wa serikali kuu ni wa NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, nao wanayo zaidi ya mia tano nchi nzima. Msitu wa akiba wa mtaa ni jukumu la serikali ya wilaya chini ya Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003. Hifadhi za taifa na mapori ya akiba ni ya UWA, mamlaka ya wanyamapori. Ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, kibali hutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na wilaya hutoa maoni tu. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa. Tangu ilipovunjwa, kazi hiyo imerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Ardhi ya serikali kuu inashikwa na Tume ya Ardhi ya Uganda. Ile ya wilayani isiyo na mwenyewe iko chini ya Bodi ya Ardhi ya Wilaya, ambayo kikatiba ni huru: haikuamrishi, nawe huiamrishi.

Bandika karatasi hiyo ukutani, mahali ambapo hata mwombaji anaiona. Ombi lisilo lenu lipelekeni kunakohusika kwa barua, siku hiyo hiyo, na mwombaji apewe nakala. Mkilikalia wiki mbili, dalali ataliona, atamfuata mwombaji, atamwambia "mimi najua mtu ndani". Madalali wanaishi kwenye nafasi iliyopo kati ya ofisi mbili.

Jambo dogo lenye kuumiza: toleo jipya la sheria zilizorekebishwa lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba nyingi za sura na vifungu zimebadilika. Pitieni violezo vyenu vya barua vyote. Wakili wa upande wa pili akikuta mmenukuu kifungu cha zamani, hataanza na hoja ya ardhi, ataanza na uzembe wenu.

Hatua ya 2: Ombi lisikae mkononi mwa mtu mmoja

Mikono inayotakiwa ni minne: anayepokea, anayekwenda kukagua, anayepima hoja, anayesaini. Najua wilaya nyingi hazina watu wa kutosha. Kuna mwaka sisi tulikuwa watatu na pikipiki moja yenye breki za nyuma tu. Hata mkiwa watatu, mipaka miwili isivukwe: aliyepokea asikague, na aliyekagua asisaini.

Wakaguzi waende wawili wawili, na jozi zibadilike. Sisi tulipiga kura kila Jumatatu kwa vikaratasi ndani ya kikombe cha chai. Kabla ya hapo kila mkaguzi alikuwa na "upande" wake. Yule wa upande wa ziwani alijulikana kwa jina na wavuvi wote, na watu walikuwa wakimpigia simu kabla hata ya kuleta ombi ofisini. Kikombe kilimaliza hayo ndani ya miezi miwili, bila kumtuhumu mtu wala kuandika barua ya onyo.

Halafu kuna undugu. Wilayani kila mtu ni shemeji wa mtu. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inafanya mgongano wa maslahi na upendeleo wa kindugu kuwa makosa, lakini usingoje mpaka ifike huko. Weka fomu ya nusu ukurasa mwanzoni mwa kila faili: "Namfahamu mwombaji kwa namna hii." Kila anayelishika faili anajaza, hata kama anaandika "simfahamu". Mimi mwenyewe niliwahi kuandika "ni mtoto wa mjomba wangu" na kumwachia naibu wangu uamuzi. Shangazi alininunia Krismasi nzima.

Hatua ya 3: Daftari la mapokezi

Namba, tarehe, saa, jina la mwombaji, mahali, aina ya matumizi, jina la aliyepokea. Namba zifuatane bila kuruka, kwa wino. Mkiwa na kompyuta, vizuri, lakini daftari lenye jalada gumu liendelee, kwa sababu umeme hukatika na kompyuta huenda kwa fundi.

Ombi lenye upungufu lirudishwe hapo hapo kaunta, na orodha ya kinachokosekana ikiwa imeandikwa. Msilipokee "ataleta baadaye". Faili lililopokelewa nusu ndilo hulala kwenye kabati, na kinacholala kwenye kabati hutafutiwa mtu wa kukiamsha, na kuamsha kuna bei.

Hatua ya 4: Nendeni uwanjani

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana vibali vibovu vingi nilivyovirithi vilisainiwa na watu ambao hawakuwahi kufika mahali penyewe.

Vifaa ni vichache: utepe wa kupimia wa mita 100, simu yenye GPS, viatu vya mpira, panga, na daftari la kuandikia kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia mvua ikinyesha. Vipimo vya kanuni za mwaka 2000 za ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, yaani upana wa eneo linalolindwa, wakaguzi wavijue kwa moyo. Kwa maziwa makubwa kama Victoria, Albert na Kyoga, mita 200 kutoka pale maji yanapofika yakiwa yamepungua. Kwa maziwa madogo, mita 100. Kwa mito iliyotajwa kwenye jedwali, kama Nile, Kagera, Katonga, Manafwa na Malaba, mita 100 kutoka pale maji yanapofika yakiwa yamejaa; mingine mita 30. Mwombaji atakwambia mita 200 ni ukatili. Mpeleke kwa wazee wa kando ya Ziwa Victoria waliokuwepo mwaka 2020, maji yalipopanda yakaingia vyumbani na watu wakahamisha vitanda kwa mitumbwi.

Wakaguzi wajue pia yasiyohitaji kibali, wasije wakawatisha watu bure. Mama anayekata mafunjo ya kusukia mikeka, mganga anayechuma dawa, mtoto anayechota maji ya nyumbani, mvuvi wa mitego na vikapu: hao kanuni zimewaacha wafanye shughuli zao. Kufyatua matofali, kukausha maji kwa mitaro, kuvuna rasilimali za ardhioevu kibiashara, hayo ndiyo yanayotaka kibali. Na tangu NEMA ilipotangaza mwaka 2021 kuzuia miradi mipya kwenye ardhioevu, ombi la namna hiyo lielezwe ukweli mapema, kabla mwenyewe hajakopa pesa za tanuri.

Shida ya ardhioevu ni kwamba kiangazi hujifanya shamba. Kuna siku mwezi wa pili tulikwenda kukagua mahali ambapo ombi lilisema ni "eneo kavu, linalofaa kwa ghala". Kweli palikuwa pakavu. Udongo umepasuka, ng'ombe wanakula mabua. Kijana niliyefuatana naye, mpya kazini, tayari alikuwa ameandika "hakuna maji" na anatafuta kivuli. Nikamwambia atafute kivuli huku akitazama juu. Kwenye tawi la mwembe, hatua kama thelathini kutoka pale ghala lingesimama, kulikuwa kunaning'inia mgono. Mtego wa kambale, wa fito, mdomo umekazwa kwa waya mpya. Mtu hatundiki mgono shambani. Anautundika karibu na pale atakapoutega mvua zikirudi.

Tukachimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko. Chini udongo ulikuwa wa kijivu, wenye madoa ya rangi ya kutu. Hiyo ni saini ya maji yanayokaa muda mrefu na kuondoka. Udongo mkavu wa siku zote hauna rangi hiyo. Kijana akafuta "hakuna maji", akaandika alichokiona: mgono, rangi ya udongo, kina cha shimo, picha tatu. Ripoti ile ilikuwa ya ukurasa mmoja na hakuna aliyeweza kuipinga.

Kwa hiyo agiza ripoti zote zijibu mambo haya, kwa sentensi fupi: tumeona nini kwa macho, tumepima nini na kwa kifaa gani, nani tumemkuta akipatumia mahali hapo leo na kwa shughuli gani. Maoni ya mkaguzi yaje mwisho, mbali na alichokiona. Neno "inaonekana" lipigeni marufuku. Kama inaonekana, imeonekana wapi?

Usafiri wa mwombaji usikubalike. Gari lake likiwabeba wakaguzi, atakuwa amechagua njia, saa, na watu watakaokutana nao. Mafuta yakikosekana, ahirisheni na muandike sababu. Na chakula mle rolex ya barabarani, chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa pesa yenu.

Hatua ya 5: Wasikilizeni wanaopatumia sasa

Kati ya faili nilizorithi, kuna moja iliyokuwa na kumbukumbu za mkutano wa kijiji: saini 41, muhuri wa LC1 (baraza la kijiji), kila kitu safi. Safi kupita kiasi. Herufi "k" zote zilikuwa na mkia unaopinda kushoto, kuanzia jina la kwanza mpaka la arobaini na moja, na muhuri wa mwenyekiti ulikuwa na tarehe ya siku mbili kabla ya mkutano. Tulipokwenda kijijini, mzee mmoja aliyekuwa kwenye orodha alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Ndiyo maana mkutano uitishwe na ofisi. Tangazo libandikwe siku kadhaa kabla, sokoni, kanisani na msikitini, si kwenye mlango wa ofisi ya gombolola (tarafa ndogo) peke yake. Mkutano ufanyike saa ambayo wanawake wamekwisha rudi kutoka shambani. Kila anayehudhuria aandike mwenyewe au aweke dole gumba, na mwandishi wetu aandike hoja, hasa za wanaopinga. Mwenyekiti wa LC1 apewe heshima yake yote, kiti cha mbele na neno la kwanza, lakini muhuri wake hauwezi kuchukua nafasi ya watu.

Ukiona timu inachukulia hatua hii kama sherehe tu, wasimulie Butamira. Huo ni msitu wa akiba wa Jinja ambao serikali ilimpa mwenye kiwanda cha sukari kibali cha miaka 50. Shirika la ACODE likaishtaki serikali mwaka 2004, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikaamua kwamba serikali ilikiuka amana iliyopewa na Katiba, na kwamba wananchi wa pale hawakuridhia. Kibali kile kilikuwa na saini na mihuri yote inayotakiwa. Miaka miwili baadaye ikaja Mabira: mpango wa kukata sehemu ya msitu kupanda miwa ukawatoa watu barabarani Kampala, Aprili 2007, na kuna waliopoteza maisha. Aliyeko ofisini hudhani mkutano wa kijiji unamchelewesha. Ulizeni waliosubiri mahakamani.

Hatua ya 6: Andikeni masharti yanayopimika

Sharti nililolikuta kwenye karibu kila kibali cha zamani lilikuwa hili: "Mwenye kibali ahakikishe mazingira hayaharibiwi." Sasa mkaguzi akifika pale atapima nini?

Chukua kibali cha kupanda miti kwenye msitu wa akiba wa mtaa. Ujanja unaojulikana ni mtu kuomba kupanda mikaratusi, akalima mahindi msimu wa kwanza "kusafisha udongo", wa pili maharage, na mti hauonekani. Tuliandika hivi: eneo ni hekta 2 kati ya alama A, B, C na D, nusu yake iwe imepandwa miti kabla ya tarehe 31 Mei, mita 30 kutoka ukingo wa kijito zibaki na miti ya asili, njia ya kisimani, upana wa mita 4, isilimwe wala kuzibwa, mazao ya chakula yaruhusiwe katikati ya mistari ya miti kwa misimu 2 tu, atakayeshindwa kufikia nusu kwa tarehe hiyo atapewa ilani ya siku 30, kisha kibali kitafutwa. Mtu yeyote mwenye utepe na kalenda anaweza kulikagua hilo, hata asiyempenda mwenye kibali.

Ile njia ya kisimani haikuwa kwenye ombi, wala kwenye ramani. Iliingia kwa sababu mama mmoja aliisema mkutanoni.

Masharti yasomwe kwa sauti mbele ya mwombaji kwa lugha anayoielewa, kabla hajasaini. Barua zetu ni za Kiingereza, nusu ya waombaji huzibeba nyumbani na kusomewa na mtoto wa darasa la saba. Kwetu tulizisoma kwa Kiswahili, na aliyetafsiri akasaini pia. Kiswahili kimo kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Si fadhila kukitumia kaunta.

Hatua ya 7: Pesa isipite mezani

Hapa sina mengi. Mwombaji anapewa namba ya malipo, PRN, analipa benki au kwa simu, analeta risiti, namba ya risiti inaandikwa kwenye daftari. Orodha ya ada ibandikwe nje ya mlango. Afisa akikutwa na "ada" mkononi, hata shilingi 5,000 za "karatasi", hakuna mjadala. Na wewe usitume mtu wako akuombee chai kwa mwombaji ukadhani hilo ni jambo dogo, maana timu nzima inatazama mkono wako.

Hatua ya 8: Simu kutoka juu

Uganda hakuna afisa asiyejua maneno "amri kutoka juu". Itapiga siku moja, mara nyingi saa za jioni. Anaweza kuwa mbunge, mtu wa ofisi ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), au mtu anayesema tu kwamba anatoka "kule".

Usibishane kwenye simu, wala usiahidi. Mimi nilikuwa na sentensi moja: "Mheshimiwa, nimekusikia, naomba uniandikie, nitaiweka kwenye faili namba fulani." Isemwe kwa upole kabisa, hata kwa mzaha kidogo. Kisha ndani ya saa moja andika kumbukumbu: nani, saa ngapi, alisema nini, nilijibu nini. Iingie kwenye faili, na nakala iende kwa CAO, afisa mtendaji mkuu wa wilaya. Nimeshuhudia barua ikija mara chache sana. Mwenye hoja halali huandika bila kinyongo, na barua yake hupimwa pamoja na ushahidi mwingine. Akidai ni agizo la Rais, naomba barua yenyewe, kisha ofisi iliyoiandika inaulizwa kama inaitambua.

Kazi yako kubwa hapa ni kuwakinga vijana. Weka kanuni kwamba asiyesaini hapokei simu za kuhusu maombi; azielekeze kwako. Mkaguzi wa miaka ishirini na sita, mwenye mkopo wa SACCO na mtoto mchanga, usimwache peke yake na simu ya mkubwa saa mbili usiku. Ukimwacha, asubuhi utakuta ripoti imeandikwa upya, na hutamlaumu.

Hatua ya 9: Kukataa

Ibara ya 42 ya Katiba inampa mtu haki ya kutendewa kwa usawa na afisa anayeamua jambo lake. Kwa hiyo barua ya kukataa iwe na mambo manne: ombi lilikuwa nini, tulikuta nini, sheria ipi inazuia, na anaweza kwenda wapi kama hakubali. Ukurasa mmoja. Kabla ya kuiandika, mpe nafasi ya kujibu ulichokikuta. Wakati mwingine ana jibu, na mara mbili jibu lilinibadilisha mawazo.

Mpigie simu au mwite aje, aambiwe uso kwa uso na mtu mwenye cheo. Mtu mzima aliyetoka kijijini na boda boda ya shilingi 15,000 hastahili kuambiwa "bado inashughulikiwa" mara sita kwa sababu afisa anaona aibu kusema hapana. Wengi walioondoka kwangu wakiwa wamekataliwa walisema asante, na mmoja alisema, "Angalau sasa najua, nitapeleka pesa kwingine."

Asiyeridhika ana miezi mitatu ya kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi. Akiomba nakala ya faili chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, mna siku 21 za kumjibu. Msizisubiri ziishe. Faili zuri halina cha kuficha, na wakili wake akilisoma mapema huenda akamwokolea gharama.

Hatua ya 10: Baada ya saini

Chora kalenda ya mwaka ukutani, kila kibali kiwe na tarehe tatu za kukaguliwa: mwanzoni, katikati ya mvua, na mwezi mmoja kabla hakijaisha. Bila kalenda, mtakagua tu vibali vya watu wenye majirani wagomvi. Mkikuta sharti limevunjwa, ilani ya maandishi kwanza, kisha asikilizwe, kisha uamuzi. Kuvunja banda la mtu alfajiri bila karatasi kunaweza kumgeuza mvunja sheria kuwa mwathirika, na ofisi ndiyo itakayolipa.

Kila Jumatatu, kabla ya kura za kikombe, tulisoma faili moja la zamani kwa sauti. Kijana mmoja anasoma, wengine wanamkatiza: nani aliona hivyo? tarehe iko wapi? Dakika ishirini tu. Kile kilichowafundisha kazi hakikuwa semina ya hotelini, kilikuwa ni kusikia faili la aliyewatangulia likikwama kwenye swali dogo. Posho ya uwanjani ikichelewa, na itachelewa, sema tarehe unayoijua na usiseme usiyoijua.

Siku ukihamishwa, makabidhiano yasiwe ya kupeana funguo na soda. Andika orodha ya vibali vinavyokwisha ndani ya miezi sita, kesi zilizoko mahakamani, maombi yaliyofika lakini hayajakaguliwa, na simu zilizopigwa na wakubwa kuhusu yapi. Mrithi wako asaini kila ukurasa mbele ya CAO. Muhuri mpe mkononi, lakini kabla ya hapo ugonge mara ya mwisho kwenye ukurasa wa makabidhiano na uandike saa pembeni, ili alama yoyote itakayogongwa baada ya hapo isihesabiwe kuwa yako.